Nyumba Ambayo Mama Masharti Hakufika

Dada yetu mpendwa, ambaye kazini walimwita Mama Masharti, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Shuleni alikuwa kiranja. Siku moja mimi mdogo wake nilichelewa mstarini, akaniandika jina bila kupepesa macho, kisha jioni akaja kunisaidia kufyeka.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa ofisa wa probesheni. Ndiye aliyeipendekezea mahakama masharti ya waliopewa kifungo cha nje, na ndiye aliyewafuatilia wasiyavunje. Mwaka 1984 aliolewa na seremala, shemeji yetu, ambaye hututania kwamba kwake ukichelewa chakula cha jioni unaripoti kwanza. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa lile alilotuagiza tusilifiche. Mwaka 1993 kijana mmoja, fundi bomba, alimpiga kaka yake. Dada akapendekeza asikanyage nyumbani kwa kaka huyo. Sharti hilo aliliandika akiwa mezani. Hakufika kwenye nyumba ile wala hakuuliza nani mwingine anaishi humo. Alikuwamo mama yao, mgonjwa. Kijana akaenda kumwona, kaka akashtaki, dada akaripoti kama alivyozoea. Sheria ni msumeno. Kijana akafungwa, na mama akazikwa mwanawe akiwa gerezani.

Tangu hapo hakupendekeza sharti kabla ya kufika nyumbani kwa mtu na kumuuliza mbele ya ndugu zake: "Hili utaliweza? Usiniridhishe, niambie ukweli." Aliyekosa kuripoti alimfuata kwanza ajue kulikoni, ndipo aamue kama ni wa kurudishwa kortini. Wakubwa walimcheka, baadaye wakawaagiza na wengine wafanye vivyo hivyo. Hatusemi haya kumsafisha. Kila alipolitaja lile, sisi ndugu tulimwambia yaliyopita si ndwele. Leo tunaona aibu kwamba tulimnyamazisha.

Januari 2024 aliugua ini. Akamwita yule fundi bomba hospitalini, akamwomba radhi. Fundi alisimama mlangoni, akasema, "Ugua pole, mama. Lakini mimi mama yangu sikumzika." Akaondoka. Dada alilia, akasema fundi ana haki. Alifariki tarehe 20 Juni.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mimi mdogo wake. Fundi tulimpelekea taarifa ya msiba. Hajaja, nasi hatuna uso wa kumlaumu. Dada yetu apumzike kwa amani, na yule mama aliyezikwa bila mwanawe apumzike pia.