Mguu Mmoja Usioshika Kutu

Benchi la kijiwe hiki lina miguu minne ya chuma. Mitatu imeliwa na kutu hadi inadondosha unga chini. Wa nne bado ni safi, kijivu, kama umetoka dukani jana. Huo aliupaka Msasa, fundi rangi, mvua zilipoanza mwaka jana, kwa rangi iliyotengenezwa na mdogo wake wa kike, mwenye kampuni ya watu wawili. Leo Msasa hakuwa na raha hata kidogo. Dada huyo ameitwa kwenye kazi ya kudumu katika kiwanda cha mbali, na jibu linatakiwa saa sita mchana. Jana alimpigia simu: "Kaka, wewe unaishi na rangi. Nikibaki, hii kitu itapata soko?" Msasa alisema atafikiria. Kufikiria kwenyewe, kama kawaida, akakuleta benchini.

— Soko lipo, alisema Betri, fundi simu, ambaye hajakosa jibu tangu azaliwe. — Kila chenye kutu ni mteja. Anzia na mapaa tu.

Katibu, mstaafu wa ofisi ambaye bado anatembea na kalamu mfukoni, akatikisa kichwa.

— Kitu kinachodumu miaka ishirini unakiuza mara moja. Halafu kampuni inakunja mikono.

— Kwani watu wameacha kujenga? alidakia Betri.

Hapo akapamba moto. Akataka rangi ya vioo isiyoshikwa na vumbi, kisha ya mapaa inayolirudisha jua lilikotoka. Katibu naye, asije akaachwa nyuma, akaipaka barabara nzima isiingie mashimo. Shangazi muuza kahawa akauliza kama kuna ya sufuria, maana maharage yake yanashika chini kila siku. Wakamwambia awaze mambo makubwa. Betri alikuwa keshafika mwezini, ambako vumbi, kwa maelezo yake, linakwangua vyombo vyote, na lazima atafutwe wa kuvipaka.

Msasa alicheka nao, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

— Na mimi je? Nakula kwa kupaka mageti yaleyale kila mwaka. Yakidumu miaka ishirini, nitakula nini?

Hakuna aliyejua kwamba hilo ndilo lililomnyima usingizi, na yeye mwenyewe aliona aibu kulisema. Shangazi akamjazia kikombe.

— Utapaka mengine, mwanangu. Umeshawahi kuyamaliza mageti ya mji huu?

Hakuwahi. Wala hakuwahi kujiuliza.

Akafika nesi mmoja, mgeni kabisa pale, akimtafuta fundi rangi. Ana vitanda arobaini katika wodi ya wazazi. Sakafu inaoshwa mara tatu kwa siku, miguu ya vitanda inaoza, na mwaka huu imeshapakwa mara mbili. Wakamwonyesha benchi, kila mmoja akitaka kueleza yeye. Nesi hakuwasikiliza sana. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mguu wenye kutu, akakitazama, akakifuta. Akapitisha kwenye ule wa kijivu. Kidole kikatoka safi.

— Hii naipata wapi?

Betri akanyoosha mkono kuelekeza, akaushusha. Katibu akaitoa kalamu, akairudisha mfukoni. Walikuwa wameshaupaka mwezi, na hakuna aliyekuwa amewaza duka, wala kopo lenye jina, wala mlango wa kugonga. Msasa alijisikia furaha ya ajabu, ile ya kumfanya mtu mzima asimame bila kujua kwa nini amesimama. Saa tano na nusu. Akapiga simu.

— Mdogo wangu, usiende. Kuna nesi hapa anataka ya vitanda arobaini, na sote hatujui tumwelekeze duka gani.

Sauti ya mdogo wake ikaja mara moja.

— Mwambie aje nyumbani, kaka. Apitie mlango wa nyuma. Wa mbele umezibwa na makopo.