Onja Kwanza: Kumbukumbu ya Anyesi Ndahani, Mtia Rangi wa Chang'ombe

Mbukwenyi, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Leo sikufungua kwa muziki, kwa sababu tuna msiba.

Tunamkumbuka Mama Anyesi Ndahani, mtia rangi vitambaa wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma mjini. Alifariki Alhamisi iliyopita akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Majirani walimwita Mama Devota, kwa jina la binti yake wa pekee. Narudia kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua redio: Anyesi Ndahani, Mama Devota, mtia rangi.

Nimesema mtia rangi. Sikusema mpaka rangi. Ukikosea hapo mbele yake, umekwisha. Mimi nilikosea. Nilikwenda kumhoji, nikamwuliza amepaka rangi vitambaa kwa miaka mingapi, na nilijuta kuuliza. Akaniambia, "Ukuta ndio unaopakwa, mwanangu. Kucha hupakwa. Kitambaa hutiwa rangi." Kisha akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanipa somo. Kitambaa huchovywa pipani. Rangi ikiingia vizuri, imekolea. Ikitoka na maji ya kufulia, imechuja. Jua likiila ikabaki kama majivu, imepauka. Na kabla ya hayo yote kuna kuonja.

Kuonja ndiko kulikonileta kwenu leo. Rangi yake ya bluu ilikuwa na mambo yake. Ndani ya pipa, maji yakiiva, huwa ya kijani. Kitambaa hutoka kijani, halafu kikipigwa na hewa hugeuka bluu polepole. Kwa hiyo Mama Devota alikuwa na desturi moja. Anachana kipande cha upana wa vidole viwili, anakichovya, anakianika kwenye kamba, anasubiri. Kikigeuka vizuri, anachovya mzigo wote. Kisipogeuka, hagusi kitu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, miaka saba iliyopita alikuja kwake binti wa miaka kumi na tisa kutoka Buigiri. Anaitwa Hilda. Hilda haoni, tangu utoto wake. Akamwamkia, akamwomba amfundishe kutia rangi. Mtaa mzima ulicheka. Kipofu na rangi, wapi na wapi? Mama Devota hakucheka. Alimpa glavu, akamwonya kuhusu dawa zinazochoma ngozi, akamweka kando ya pipa.

Hilda alijifunza kwa pua, kwa vidole na kwa masikio. Alijua maji yaliyoiva kwa utelezi wake kwenye glavu, na kwa harufu kali ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Harufu hiyo hutoka kwenye poda nyeupe ambayo watia rangi huiita haidrosi. Bila poda hiyo kuwa na nguvu, rangi haiingii ndani ya kitambaa. Hulala juu tu, na ukifua, yote inakwenda na maji.

Karibu na Pasaka ya mwaka ule, umoja wa akina mama wa kanisani ulileta vitambaa arobaini vyeupe. Walitaka sare ya bluu. Mwenyekiti wao, Mama Angelina, alikuwa mtu wa kunyoosha maneno. Alisema sare za Pasaka si za kujifunzia, na kwamba yule binti asiziguse. Mama Devota akabisha. Wakavutana, mwisho Mama Devota akaweka ahadi mbele ya watu: kitambaa kimoja tu kikichuja, Hilda anarudi Buigiri siku hiyo hiyo, na yeye hatachukua mwanafunzi tena maisha yake yote.

Hilda alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia kila neno.

Siku ya kuchovya ilifika asubuhi ya mvua. Mama Angelina akaja mapema, akavuta kigoda, akakaa kusimamia. Mama Devota akachanganya dawa, akakoroga, akainama kutazama. Akasema pipa limeiva. Akamwambia Hilda achovye.

Hilda akainama. Akanusa. Harufu ya kiberiti haikuwepo. Na kulikuwa na jingine lililomtia hofu zaidi. Hakuwa amesikia sauti ya kitambaa kikichanwa. Alikumbuka kwamba kwa wiki kadhaa hakuwa ameisikia kabisa. Mama Devota alikuwa ameacha kuonja. Alikuwa akisema mtu wa uzoefu wake haonji tena.

Wasikilizaji wapendwa, jiwekeni mahali pa binti huyu. Akichovya, sare zitachuja na yeye atafukuzwa. Akikataa, anambishia mama aliyemtetea, mbele ya mtu anayesubiri kosa lake. Devota, yule binti wa marehemu, alikuwepo siku hiyo, naye ndiye aliyenisimulia.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, pipa halijaiva."

Mama Devota akamwamuru tena achovye. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Siwezi, Mama. Unisamehe. Tuonje kwanza."

Mama Angelina akasimama. Devota anasema alikuwa tayari ameanza kukusanya vitambaa vyake, huku akilalamika kwamba adabu imekwisha duniani. Mama Devota akapandwa na hasira. Akanyoosha kidole kwenye pipa, akasema haya maji ni ya kijani, kijani kibichi, aje yeyote mwenye macho atazame.

Mama Angelina akaja, akatazama. Kisha akasema, "Mama Devota, mbona mimi naona bluu tupu?"

Mama Devota akainama tena juu ya pipa, anasema Devota.

Mama Devota angeweza kusema Mama Angelina hajui kazi. Angeaminiwa. Angeweza kumtupia lawama Hilda, na hilo lingeaminiwa upesi zaidi. Badala yake alivua glavu, akaketi juu ya ndoo, akalia. Halafu akasema, "Hilda yuko sahihi. Mimi sitofautishi kijani na bluu tangu mwaka jana. Niliacha kuonja kwa sababu nilikuwa sioni kile kipande kikigeuka."

Kopo la haidrosi ndilo lililokuwa na kasoro. Yeye mwenyewe alikuwa hajalifunika vizuri, unyevu wa masika ukaingia, poda ikafa nguvu. Devota akatumwa dukani kuleta jipya. Wakachanganya upya. Hilda akanusa, akachana kipande, wakaonja. Vitambaa arobaini vikachovywa na mikono ya Hilda. Hakikuchuja hata kimoja.

Hospitali walimtibu Mama Devota. Jicho moja likapata nafuu, la pili halikurudi. Kwa miaka saba yeye na Hilda walifanya kazi pamoja, na hakuna aliyemsikia tena akisema mtu wa uzoefu wake haonji.

Jumamosi tulimzika. Akina mama walileta kitambaa cheupe cha kufunika jeneza, Hilda akasema atakitia rangi mwenyewe, asubuhi ile ile. Mchungaji amekwisha fika. Mawingu yamejikusanya. Wanaume wameshika majembe, wanatazama saa. Hilda akachana kipande, akachovya, akaanika, akasimama.

Mjomba mmoja akamwomba afanye haraka, watu wanasubiri. Aliyemjibu ni Mama Angelina. "Tulieni. Hajaonja."

Hilda akamwuliza, "Kimegeuka, Mama?"

"Bado, mwanangu."

Msiba mzima ukangoja. Mchungaji naye akangoja.

"Sasa kimegeuka."

Mama Devota alikwenda kaburini chini ya bluu iliyokolea. Kile kipande Hilda amekifunga mkononi.

Kwa Mzee Henry Ndahani, mume wa marehemu, kwa Devota, na kwa Hilda, ambaye familia imemtaja kwenye wasifu kama mtoto wa pili: poleni sana. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Nasi tuliobaki, kila mmoja amkumbuke yule aliyemwambia "bado", naye akamwona hana adabu.

Kipande huchukua kama dakika kumi kugeuka. Redioni hawawezi kunipa kumi, wamenipa moja. Tuinamishe vichwa, wasikilizaji wapendwa, tusubiri pamoja na Hilda.