Blanketi la Mwisho la 'M'e 'Mapuseletso Ramokoena

Mama yetu, 'M'e 'Mapuseletso, alizaliwa Mapoteng, wilaya ya Berea hapa Lesotho, tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa Ntate Lekhooa, akaitwa Ntšebo. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Siku moja mwalimu aliuliza mlima una rangi gani, Ntšebo akauliza, "Wa asubuhi au wa jioni?" Alichapwa kiboko kimoja, na hadi uzeeni alishikilia kwamba mwalimu ndiye aliyekosea.

Aliolewa mwaka 1966 na Ntate Lebenya Ramokoena wa hapa Teyateyaneng. Wakwe wakampa jina la 'Mapuseletso, yaani mama wa Puseletso, hata kabla Puseletso hajatungwa mimba. Mumewe alifia mgodini Welkom tarehe 3 Juni 1989. Tangu hapo sufu ndiyo iliyotulea. Alisokota mwenyewe, akachemsha mizizi ya khamane kupata wekundu wa kutu na maganda ya vitunguu kupata manjano, akafuma mablanketi mazito yanayokwaruza shingo na kuishinda baridi. Kwenye tamasha la sufu la kila mwaka, wateja walianzia kwake.

Presha ya macho ilimwanza mwaka 2017, na kufikia 2021 alikuwa haoni kabisa. Hakuacha kufuma. Nyuzi alizijua kwa kupapasa, lakini rangi haipapasiki. Blanketi alilopeleka tamashani mwaka 2022 lilikuwa vurugu tupu, waridi limeingilia kijani, kutu imekatikia njiani. Watu walipita wakicheka chinichini. Bintiye, Puseletso, roho ilimuuma. Akamtuma mwenzake wa kazini ajifanye mgeni kutoka Maseru, akalisifu sana, akalinunua. Puseletso akalificha kabatini.

Tangu siku ile marehemu hakukalia tena mtambo wake wa kufumia. Tulidhani ni uzee. Kisha moyo ukavimba, miguu ikajaa maji, na tarehe 9 Julai mwaka huu alifariki nyumbani, alfajiri.

Siku mbili kabla alimwita bintiye.

"Yule mgeni wako hakulishika. Mtu anayenunua sufu hushika kwanza. Uliniona wa kuhurumiwa, mwanangu?"

Puseletso aliomba radhi. Mama alisema amechoka, akageukia ukutani. Puseletso huyo ndiye anayewasomea karatasi hii, na anajuta.

Marehemu ameacha watoto wawili, Puseletso na Khauta, wajukuu watano na dada mmoja, 'M'e 'Maneo.

Blanketi lililofunika jeneza ndilo lile. Kabla hatujamteremsha, tunaomba mpite mmoja mmoja. Msilisifu. Lishikeni tu.

Pumzika, mama yetu.