Okwir na Ule Unga Niliousifu

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema. Kama hapo nyumbani kuna mnyanyua vyuma, mwite asogee. Leo tunamkumbuka Okwir wa Naguru, mlinzi wa duka kule Kansanga, aliyefariki Jumamosi iliyopita. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Nina hofu, siwafichi, kwa sababu kilichomponza ni neno alilolisikia katika kipindi hiki. Nililisema mimi.

Okwir alikulia katika nyumba za polisi. Mama yake, Mama Alanyo, ni polisi mstaafu. Maziwa yalimkataa Okwir tangu utotoni. Nasema tena: maziwa yalimkataa. Kijiko kimoja tu, midomo inavimba, pumzi inakatika.

"Kwangu ilikuwa chai kavu, bila maziwa," Mama Alanyo aliniambia. "Hata wageni walikunywa hiyo hiyo. Walinung'unika, mimi nikawaongezea tu."

Alipokua akapenda vyuma. Alifanya mazoezi Bukoto, kwa mkufunzi Wamalwa kutoka Kenya. Pale wana desturi yao. Kila Jumamosi kila mtu huja na unga wake wa protini kwenye kavera, mfuko wa plastiki, wote wanaumimina katika jagi moja, kikombe kinazunguka. Okwir peke yake alikaa pembeni na mayai yake ya kuchemsha. Walimtania wakamwita Bwana Kuku, naye akiwika kabisa! Jamani, kijana yule alijua kucheka.

Sasa, Alhamisi ile kabla hajafariki niliwaeleza aina tatu za unga unaotokana na maji ya maziwa, yale yanayobaki jibini ikitengenezwa. Konsentreti imechujwa kidogo. Isoleti imechujwa sana. Haidrolizeti imevunjwavunjwa ili mwili uipokee haraka. Hapo nilikuwa sawa. Kisha, kwa ulimi wangu mwepesi, nikaisifu isoleti kwamba "imeondolewa maziwa."

Siku mbili baadaye Okwir akanyoosha mkono apewe kikombe.

"Tulimuuliza, bana, na maziwa je?" Wamalwa alinisimulia. "Akasema redio imesema hii haina. Basi siku hiyo tuliweka isoleti tupu, kwa ajili yake. Tulifurahi sana kunywa naye."

Alikunywa nusu kikombe. Hakufika hospitali.

Wasikilizaji wapendwa, nasahihisha. Kinachoondolewa kwenye isoleti ni mafuta na sukari ya maziwa, karibu yote. Protini ya maziwa inabaki, tena nyingi. Ndiyo inayosaidia kujenga misuli iliyochoshwa na vyuma, na ndiyo iliyofunga koo la Okwir. Anayesumbuliwa tumbo na sukari ya maziwa tu, isoleti huenda ikamfaa. Lakini wewe ambaye maziwa yanakuvimbisha, aina zote tatu ni maziwa. Zote tatu. Usionje.

Kwenye mazishi nilimwomba Mama Alanyo msamaha. Alinishika mkono, akaukaza hadi ukaniuma.

"Hiyo ya msamaha tutaongea," alisema. "Wewe rudi kule redioni, useme."

Pole sana, Mama. Poleni ndugu wote wa Okwir, pole Wamalwa na vijana wako. Mungu amlaze pema. Na sisi tunaopewa kipaza sauti tujiulize tunajua nini kabla ya kufungua mdomo.

Nimesema, lakini sijatulia. Aliyenisikia Alhamisi ile huenda leo hasikilizi. Huenda kavera yake iko mezani sasa hivi. Unamjua? Mpigie. Sitaweka muziki, nakaa kimya dakika moja ili umpigie.