Taa Nyekundu na Shavu la Dada Yangu

Bwana asifiwe! Nasema asifiwe tena, ingawa leo sikuja na tabasamu. Nimekuja na hasira. Mchungaji aliponiuliza kama niko tayari kushuhudia, nilimwambia niko tayari, ila nitasema yote, na yamo yanayomhusu yeye. Akasema, "Sema, Mama Moraa." Basi nasema.

Kwa walio wageni, mimi ni Kerubo, mama yake Moraa. Nachuma majani chai hapa hapa Ikonge. Yule aliyekaa peke yake kwenye benchi la nyuma ni dada yangu mkubwa, Bosibori, aliyeolewa Mosocho, anayeuza ndizi sokoni. Nitalirudia hilo benchi.

Ndugu zangu, mnamkumbuka yule bwana wa taa? Mwaka juzi, kabla ya zile mvua kubwa, alikuja na suti ya kijivu na boksi jeupe. Ndani ya boksi vilipangwa vitaa vidogo vyekundu, kama kile kinachowaka kwenye redio ukiifungua, ila vingi sana, na nyaya zake zikaunganishwa na betri ya gari. Alisimama hapa nilipo. Hapa! Akasema mwanga ule unaingia ndani ya ngozi na kuiamsha. Makunyanzi yanajikunjua, madoa yanafutika, vidonda vinafunga, damu inasafishwa. Mama wa miaka hamsini anarudi kuwa msichana. Alisema mwanga huo umegunduliwa ng'ambo, na kwamba matajiri hawakutaka sisi tujue.

Hayo peke yake tungeyacheka. Watu wa chai tunawajua wauzaji. Lakini yule bwana alikuwa ameijua desturi yetu. Alikuja na mwanamke mmoja mwenye ngozi nyororo, na yule mwanamke hakuuza kitu. Alitoa ushuhuda! Alilia. Akasema mumewe alikuwa amemkimbia kwa sababu ya uso wake, na baada ya taa mumewe akarudi na mbuzi wa kuomba msamaha. Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele.

Na sisi mtu akitoa ushuhuda hatumuulizi swali. Tunasema Amina. Ukiuliza, unaonekana unabishana na Mungu. Mlango huo ndio aliopitia, ndugu zangu, na tulimfungulia sisi wenyewe.

Mimi nilikuwa na madoa haya meusi ya mashavuni, yaliyokuja nilipojifungua mtoto wa tatu. Bosibori yake yalikuwa tofauti. Alikuwa na baka kwenye shavu la kushoto, lililopauka kuliko ngozi yake, na kila mwezi likitambaa kidogo. Sokoni Mosocho walishaanza kumsema. Wanunuzi walichukua ndizi kwa jirani yake, huku za kwake zikiiva na kuoza mbele ya macho yao. Hata shemeji, mumewe, alikuwa ametenga kikombe chake cha chai kando na cha dada. Dada yangu hakutaka usichana. Alitaka mtu anunue ndizi zake! Nikamtumia habari, akaja kukaa kwangu.

Tulipewa chumba kile cha ibada ya watoto, siku za soko. Unalipa, unakaa, boksi linawekwa karibu na uso. Mimi nilipokaa niliona joto, na likizidi nilijitoa. Bosibori alikuwa ametulia tuli. Yule bwana akamsifu mbele ya foleni, "Tazameni mama huyu mwenye imani! Hatikisiki!"

Siku moja nilikuwa nimesimama nyuma yake nikasikia harufu ya nywele zikiungua. Yaye! Nilimvuta kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Shavu lilikuwa limevimba lengelenge, vinywele vya kando ya sikio vimejikunja. Nikamuuliza, "Dada, mbona huondoki? Unaungua!"

Akanitazama kwa mshangao. "Naungua wapi? Mimi sisikii moto wowote, Kerubo."

Nyasae, Mungu wangu! Mtu anaungua uso na hasikii! Na yule bwana, mnajua alisema nini? Alisema hiyo ndiyo dalili ya taa kufanya kazi. Ngozi ya zamani imelala ili mpya izaliwe. Akamwambia aendelee, tena aongeze muda. Na foleni ikasema Amina. Nilitaka kulipiga lile boksi teke. Mpaka leo najuta kwamba sikulipiga.

Wenzangu wachuma chai, hebu nisikilizeni. Ukifika kituo cha kupimia majani na kikapu chako, je, unakimbilia mzani? La. Unamwaga majani chini, unayapekua kwa mkono, unatupa magumu na yale ya kuchachuka. Karani hasikilizi hadithi yako ya jinsi ulivyoamka mapema. Anatazama majani. Majani tunayapekua hivyo, lakini maneno ya mtu mwenye suti tunayapokea na kikapu chake na takataka zake!

Kesho yake asubuhi nilimchukua dada yangu tukaenda hospitali, mjini Kisii. Daktari alimwambia afumbe macho, akamgusa uso kwa kipande cha pamba. Shavu la kulia, dada akasema, "Hapo." La kushoto, kimya. Akamgusa tena. Kimya. Mimi nilikuwa naiona pamba imelala pale kwenye ngozi yake, na yeye anangoja kuguswa. Nikatoka nje nikalia.

Ulikuwa ukoma. Nalitaja jina lake kwa sauti kubwa kwa sababu ninyi mmekuwa mkilinong'ona. Ukoma! Na daktari akasema una dawa, vidonge vya kumeza miezi kadhaa, hailipiwi, na kwamba mtu akishaanza dawa hamwambukizi mwenzake. Akasema tungeendelea kungoja taa, ugonjwa ungekula mishipa ya mkono na ya jicho, na hayo hayarudi. Nilimuuliza, je, ile taa ni uchawi? Akacheka. "Mwanga si uchawi, mama. Watoto wachanga wenye macho ya manjano tunawalaza chini ya taa. Hata hiyo nyekundu, huenda wakaipima vizuri wakaona inasaidia ngozi kidogo. Lakini huyo wenu alipima nini? Na alijuaje ugonjwa kabla ya kutibu?"

Ndugu zangu, maswali yalikuwa mawili tu, na hakuna aliyeyauliza.

Mnataka kujua yule mwanamke wa mbuzi yuko wapi? Nilimkuta Keroka, pale yanapoegeshwa malori, akilia machozi yale yale. Safari hii mumewe alimkimbia kwa sababu ya maumivu ya mgongo, akarudi baada ya dawa ya unga. Na mbuzi! Nilipenya katikati ya watu nikamuuliza, "Mama, huyu mumeo anakukimbia mara ngapi? Na mbuzi hao wote unawafuga wapi?" Watu walicheka mpaka akafunga mzigo wake akaondoka. Mimi sikucheka.

Mchungaji wetu, nakuheshimu. Lakini chumba cha watoto ulikitoa wewe, na sadaka ya yule bwana uliipokea. Siku nyingine mtu akija na dawa, mpeleke kwanza akapekuliwe, ndipo apande hapa mbele.

Sasa nalirudia lile benchi. Dada yangu amemaliza dawa. Karatasi ya hospitali anayo. Ngozi yake haikurudi ya usichana. Ana kovu la taa, na sehemu ya shavu bado haisikii. Lakini jicho linafumba, vidole vinashika, na Mungu ndiye aliyemtoa, kwa mikono ya watu waliojua wanachofanya. Na leo asubuhi alipoingia humu na kukaa, niliwaona. Mliokuwa kwenye benchi lile mlinyanyuka mmoja mmoja, huyu akijifanya anamfuata mtoto, yule akijifanya anatafuta upepo. Mwanamke wa uongo mlimpigia makofi. Huyu wa kweli mnamkimbia!

Namshukuru Mungu aliyetutoa. Anayetaka kumtegemea, amtegemee leo, kwa macho yaliyo wazi, na mwenye baka lisilosikia asione haya, aende hospitali. Lakini msiniambie Amina. Sitaki Amina yenu leo.

Bosibori, dada yangu, simama. Nyosha mkono wakusalimie.

Mchungaji, anza wewe.