Siku Mume Wangu Alipozungumza Kando ya Gurudumu

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, yeye aliyetufikisha hapa tukiwa wazima pamoja na mvua na matope yote ya njiani. Mimi ni Mama Kerubo. Kwangu ni Nyacheki, na nimekuja huku Nyamira kumwona binti yangu aliyejifungua. Mchungaji aliponiuliza kama nina neno la kuwaambia, nilitaka kujibu kwamba sina. Lakini kuna jambo Mungu alinitendea ambalo limekaa kifuani mwangu, na nikilinyamazia leo nitakuwa nimemnyima shukrani yake.

Jambo lenyewe linahusu breki za gari. Naona wengine mnatabasamu. Nivumilieni kidogo.

Wakati huo Uhuru ulikuwa bado mpya, na majani chai kwetu yalikuwa miche tu, hayajafika hata magotini. Mume wangu, Baba Kerubo, alikuwa amenunua pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa. Alikuwa akienda Tabaka kupakia vinyago na bakuli za mawe, akizipeleka kwa wafanyabiashara mjini Kisii. Siku za soko alibeba ndizi zetu na za majirani hadi Ogembo. Unga mweupe wa yale mawe ulikuwa ukimwingia kwenye nywele na kope, akirudi nyumbani utadhani ametoka kutembea ndani ya mawingu. Na alikuwa mtu wa maneno. Aliongea akila, aliongea akinawa miguu, aliongea hata nikiwa nimeshasinzia. Nilikuwa nikimwambia, "Baba Kerubo, hata Mungu alipumzika." Anacheka, halafu anaendelea.

Ndugu zangu, sikujua kama yale maneno yake ndiyo yaliyokuwa yakishikilia paa la nyumba yangu.

Asubuhi moja ya soko alimchukua mama yake, ambaye watoto wetu humwita Magokoro, yaani nyanya. Walikaa wote wawili mbele, ndizi nyuma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima, barabara imelowa. Walipofika kwenye mteremko mrefu wa kuingia Ogembo, alikanyaga breki, ikazama mpaka chini kama mguu unavyozama kwenye matope. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Gari likaanza kukimbia lenyewe, na mbele kulikuwa na watu wakielekea sokoni. Baba Kerubo akakata usukani, akaliingiza kwenye shamba la migomba. Migomba ikavunjika mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukalipunguza gari mwendo kidogo, mpaka likasimama.

Hakuna aliyekufa. Mkono wa kulia wa mume wangu ulivunjika. Magokoro aliumia mbavu, akalazwa hospitali kwa muda, kisha akarudi nyumbani akitembea polepole kwa fimbo.

Pikapu ilirudishwa ikivutwa na ng'ombe wa jirani. Nilikuwa nimesimama uani nilipoiona ikitokea kwenye ukungu, haina sauti yoyote ya injini, ng'ombe wametangulia, vichwa vyao vinapanda na kushuka. Nilifikiri ninaota. Na kusema kweli, tangu saa ile niliingia kwenye kitu kama ndoto, na sikutoka humo kwa muda mrefu.

Maana mume wangu alinyamaza. Simaanishi alipunguza maneno. Alinyamaza kabisa. Aliketi kwenye kigoda barazani, mkono umefungwa plasta, anatazama pikapu iliyosimama chini ya mparachichi. Ukimwuliza atakula, anatikisa kichwa. Ukimwambia mama yake anamsalimu, anafumba macho. Daktari alimpima akasema koo halina ubaya. Majirani walikuja kuomba, wakaimba, wakaenda. Mvua ikanyesha kila alasiri, jua likarudi kila asubuhi, mimi nikapalilia miche ya majani chai na kuivisha uji, na siku zote zikawa kama siku moja tu iliyokataa kwisha. Nyakati nyingine nilikuwa naongea peke yangu shambani ili niisikie sauti ya mtu.

Nilijua kilichomfunga. Alikuwa anaamini kwamba mguu wake, ule uliokanyaga breki, ulikaribia kumwua mama aliyemzaa.

Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja. Alisimama mbele yake akasema kwa upole, "Kaka, hiki chuma kitakumaliza. Kuna mtu Kisii ananunua magari mabovu, anayavunja. Nimlete?" Mume wangu akainamisha kichwa, kukubali. Ndugu zangu, nilikiona kile kichwa kikiinama. Niliona mtu anayekubali mwisho wake, si wa gari.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa. Nikamwambia Mungu, "Baba, mimi sina dawa ya mtu asiyesema. Nionyeshe hata pa kuanzia." Sikusikia sauti, sikuona malaika. Niliona tu, kama unavyoona kitu ndotoni, mikono yangu mwenyewe ikiwa imeshika gurudumu. Nikashangaa, kwa sababu mikono hii ilikuwa imezoea jembe na mwiko. Fundi aliyekuwa akilitengeneza lile gari alikuwa amehamia Kericho. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nilipoinuka, nilikwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Nikatoa jeki na spana chini ya kiti. Nikaisukuma jeki chini ya gari upande wa mbele, nikaanza kuizungusha, nikiwa sijui hata ninachofanya. Gari likaanza kuinuka kidogo kidogo. Umande ulikuwa unadondoka kutoka kwenye mparachichi, unaniingia shingoni.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Shusha. Legeza nati kwanza. Gurudumu likiwa hewani litazunguka na wewe."

Ilikuwa sauti yenye kutu, sauti ya mtu aliyelala sana. Lakini ilikuwa yake. Ndugu zangu, niliogopa kugeuka. Nilihisi nikigeuka itatoweka, kama ndege anayetua karibu nawe. Kwa hiyo nilijibu nikiwa nimelitazama gurudumu tu.

"Nizilegezee upande gani?"

"Kushoto. Zikikataa, panda juu ya spana."

Nikapanda juu ya spana kwa miguu yangu yote miwili. Nati ikalia, ikalegea.

"Sasa tafuta mawe, uyaweke nyuma ya magurudumu ya nyuma, lisirudi. Na chini ya jeki weka ubao, hapo udongo ni laini."

Nikafanya. Akaniambia moja, nikafanya moja, akaniambia jingine. Hakuongea habari ya ajali, wala mama yake, wala kunyamaza kwake. Aliongea habari ya chuma tu. Nilitoa gurudumu, nikakuta chombo cha duara kama sufuria iliyofunikwa, ambacho mafundi huita ngoma. Kilikuwa kimeng'ang'ania. Akasema nikigonge pembeni kwa nyundo kuzunguka kote, nisipige kwa hasira. Nikagonga, nikagonga, mpaka kikaachia, na ndani nikaona vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimekabiliana. Ndivyo viatu vya breki. Vilikuwa vimeliwa mpaka kwenye chuma, tena vimelowa mafuta.

Akashuka barazani. Alikuja akachuchumaa kando yangu, plasta yake imeegemea goti, akatazama mle ndani kwa muda mrefu.

"Raba za breki zilipasuka," akasema. "Mafuta yalikuwa yanavuja huku ndani. Nisingeweza kuyaona."

"Usingeweza," nikamwambia.

Hayo tu. Lakini nilimwona akishusha pumzi, kama mtu anayetua mzigo kichwani.

Kesho yake nilifunga vile viatu vichakavu na zile raba kwenye jani la mgomba, nikaenda Kisii mjini kwenye duka la vipuri. Mwenye duka, Mhindi mmoja mzee, alilifungua lile jani, akanitazama juu ya miwani yake.

"Fundi yuko wapi, mama?"

"Ndiye mimi."

"Breki si mchezo, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na za zamani, unipe zinazofanana nazo."

Hakunicheka. Alileta mpya, akazipima juu ya zile kuukuu, akanipa za magurudumu yote mawili ya mbele, na raba, na chupa ya mafuta ya breki. Nilipokuwa natoka akaniita, akasema, "Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika viatu hivi. Vikiingiwa na mafuta, havishiki." Mungu ambariki mzee yule popote alipo.

Nilianza kufunga, na hapo nikapotea. Kuna springi zinazovuta vile viatu, na nilikuwa nimesahau ipi ilikaa wapi. Kila nikijaribu, moja inaruka na kupotelea kwenye nyasi. Nikakaa chini, nikalia. Mikono yangu ilikuwa imechubuka, na mvua ilikuwa inakuja.

Mume wangu akasema, "Upande wa pili hujaufungua. Ufungue, utazame. Mmoja utakufundisha mwingine."

Ndugu zangu, alikuwa amenizuia kufungua pande zote kwa pamoja, nami sikuwa nimeelewa kwa nini. Nilifungua ule wa pili, na springi zote zilikuwa pale, kila moja mahali pake, kama zilikuwa zinanisubiri. Nilizitazama mpaka nikaweza kuziona hata nikifumba macho. Kisha nikarudi upande wa kwanza nikafunga bila kukosea, na baadaye ule wa pili.

Ikabaki kutoa hewa. Ukifungua mabomba ya breki hewa huingia ndani, na breki yenye hewa huzama bure. Lazima mtu mmoja akae ndani akanyage, na mwingine awe chini kwenye gurudumu akifungua na kufunga skrubu ndogo. Mume wangu alitaka kuingia yeye. Aliweka mguu wake mlangoni, akautoa. Akasimama pale ameshika mlango.

Magokoro alikuwa amekaa juani akipeta wimbi. Aliweka ungo chini, akaja na fimbo yake.

"Kinachotakiwa ni mguu tu?" akauliza. "Mimi ninao."

"Mama, usiingie humo," mume wangu akasema. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mama yake tangu ajali.

Magokoro akamtazama. Akasema kwa Kigusii, polepole, "Mwanangu, wewe ulinitoa barabarani ukanilaza kwenye migomba. Ningekuwa na neno nawe ningeshalisema. Nishike mkono nipande."

Akamshika kwa ule mkono mzima, akampandisha. Mwanamke yule hakuwa amewahi kukaa nyuma ya usukani maishani mwake. Alinyoosha mguu wake mdogo usio na kiatu, akaufikisha. Mimi nililala chini kwenye nyasi kando ya gurudumu, na mume wangu akasimama katikati yetu.

"Kanyaga, Mama," alikuwa akisema. "Shikilia hapo. Fungua, Mama Kerubo. Funga. Mama, achia."

Mafuta yalitoka na mapovu kwenye mpira mwembamba niliouchomeka kwenye ile skrubu, yakashuka ndani ya chupa. Kanyaga, shikilia, fungua, funga, achia. Nilikuwa nimelala pale, naona anga kupitia majani ya mparachichi, mawingu yanapita, na sauti yake inaendelea juu yangu, inaendelea, haikatiki. Nilitamani yale mapovu yasiishe. Lakini yaliisha. Magokoro akasema kutoka juu, "Sasa pamekuwa pagumu. Panasukuma mguu wangu." Nilipotoka chini ya gari nikamkuta mume wangu ameweka paji la uso kwenye goti la mama yake, analia, naye anampapasa kichwa.

Shemeji hakumleta tena yule mnunuzi wa Kisii, na pikapu ilikaa mpaka mkono wa mume wangu ukapona na kupata nguvu. Asubuhi tuliyotoka tulizunguka kwanza kwenye uwanda, akikanyaga breki kila mara, gari likitii. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika ukingo wa kichwa cha gari, na Magokoro alikuwa mbele pale pale alipokaa siku ile. Alikuwa amekataa kushuka. Tulipofika juu ya mteremko wa Ogembo, mume wangu alisimamisha gari. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, mapaa ya mabati yanaonekana kama yanaelea. Nilimwona kupitia kioo cha nyuma akisogeza midomo. Sijui aliomba nini. Kisha akaachia, tukaanza kushuka. Nilihisi magurudumu yakishika, yakilegea, yakishika tena, na nikajua ile ilikuwa kazi ya mikono yangu, na ya Mungu juu ya mikono yangu. Tulishuka taratibu kama watu wanaobebwa.

Chini kabisa aliegesha, akageuka kumwuliza mama yake kama yuko salama. Hakujibiwa. Nikaruka chini, nikakimbilia mlango.

Magokoro alikuwa amelala usingizi. Mteremko wote ule, injini ikifunika sauti yake, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, alikuwa akikoroma.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenirudishia mume wangu kwa njia ya nati na springi. Wapo hapa walio na mtu aliyenyamaza nyumbani, au ambao wenyewe wamenyamaza ndani. Mwombeni Bwana awaonyeshe pa kuanzia, hata kama ni mahali msipopajua, kisha wekeni mikono yenu hapo. Mtegemeeni. Mimi sina zaidi, nirudi nimshike mjukuu, naye Mungu awatunze nyote katika kila mteremko.