Saumu Isiyo na Futari

Asifiwe Bwana aliyenirudishia usingizi! Ndugu zangu, nasema usingizi, na sijakosea. Wengi mnanijua, mimi ni Mercy, binti wa yule polisi kutoka Kitui. Tumepanga mtaa wa Mkomani, orofa ya juu kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu.

Nilipokuwa Kidato cha Nne nilijaa hofu. Tangu utotoni nilitaka kuwa muuguzi, na Biolojia ilikuwa inanishinda. Basi nikaweka nadhiri, hapa hapa mbele yenu: siku arobaini nitafunga na kusoma bila kupumzika. Mkanipigia makofi. Jioni nilikunywa chai ya rangi tu, nikarudi kitabuni. Mungu hakuniomba hayo. Mimi ndiye niliyetaka aone ninavyoumia.

Siku ya ishirini na mbili tukafanya mtihani wa majaribio. Niliandika mpaka kengele ikalia. Baadaye mwalimu akaniita, akanionyesha karatasi yangu. Nilikuwa nimejibu swali la kwanza mara tatu, kurasa tatu nzima, na mengine sikuyagusa. Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye ngazi, nikalia. Niliona uuguzi umeniponyoka.

Bi Zuhura akanikuta pale. Nikamweleza yote, hata nadhiri. Akauliza nafuturu nini. Nikasema chai. Alicheka kidogo, kisha akakasirika.

“Hata Ramadhani ina magharibi yake, mwanangu. Saumu gani hiyo haina futari? Nani kakwambia Mungu ataka ufe na kitabu mkononi?”

Ndugu zangu, mahubiri nimesikia mengi, lakini hilo ndilo lililonifungua. Nilimwomba Mungu msamaha pale pale kwenye ngazi, halafu nikala mahamri manne kwa mbaazi za nazi. Tangu siku hiyo, adhana ya magharibi ikilia, Bi Zuhura alivichukua vitabu vyangu akaviweka kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani kwake, mpaka asubuhi. Siku za kwanza nilihangaika, sikujua mikono niiweke wapi. Wiki ya pili nikaanza kukumbuka nilichosoma.

Mtihani wenyewe ulipofika, nilijibu kila swali mara moja tu. Leo niko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, nimekuja likizo, na ninalala vizuri. Namshukuru Mungu, na namshukuru kwa ajili ya Bi Zuhura.

Sasa, juzi niliona pale ukutani majina ya watahiniwa saba waliojiandikisha kufunga siku arobaini. Mchungaji, nisamehe. Wadogo zangu, sipingi kufunga. Lakini Mungu aliyeumba jioni alijua mtachoka. Mtumainini hata vitabu vikiwa vimefungwa, hakika hatawasahau.

Nilipomweleza Bi Zuhura, aliniuliza mko wangapi, akaingia jikoni. Hiyo adhana ya magharibi imelia, mmeisikia. Sinia liko pale mlangoni. Nyinyi saba tangulieni.